Elizabethkingia: bakteria mwenye usugu wa kuzaliwa nao

Mtoto mchanga akishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanza na ampisilini na jentamaisini. Hali isipobadilika, wauguzi na madaktari hupanda daraja kwenye seftriaksoni au sefotaksimu. Akizidi kudhoofika, hospitali yenye uwezo hutoa meropenemu, dawa inayohifadhiwa kwa siku ngumu. Ngazi hiyo imeokoa watoto wengi na hakuna sababu ya kuibeza. Ila yupo bakteria ambaye ngazi yote, kuanzia kipago cha chini hadi cha juu, haimgusi. Kibaya zaidi, kila kipago kinawaua wapinzani wake na kumwachia uwanja.

Jina lake ni Elizabethkingia. Wengi hawajalisikia, hata waliosoma udaktari, kwa kuwa ni bakteria nyemelezi asiye wa kawaida: huishi majini na kwenye udongo, hana shida na mtu mwenye afya, na humvamia mtoto njiti, mzee mwenye kisukari, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, au mtu aliyelala chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mpira kwenye mshipa. Makala haya yanaeleza kwa nini dawa zinagonga mwamba kwake, na kwa nini jibu liko kwenye jeni zake mwenyewe.

Mwaka 1959 mtaalamu wa bakteria wa Marekani, Elizabeth O. King, aliyefanya kazi katika taasisi ambayo leo ni Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC), alikuwa akichambua bakteria waliotolewa kwenye maji ya uti wa mgongo wa watoto wachanga. Kundi moja halikufanana na lolote lililojulikana. Akaliita Flavobacterium meningosepticum. Mwaka 1994 jina likageuzwa kuwa Chryseobacterium meningosepticum, na mwaka 2005 kundi likapewa jina la mgunduzi mwenyewe. Mabadiliko haya yanawatesa wanaotafuta habari: ripoti ya miaka ya 1980 na ya mwaka huu zinaweza kumzungumzia bakteria yuleyule kwa majina matatu.

Ndani ya jenasi hiyo zipo spishi kadhaa. E. meningoseptica ndiye wa King. E. miricola aliokotwa kwenye maji yaliyoganda kutokana na mvuke ndani ya kituo cha anga cha Urusi kiitwacho Mir, na kuelezwa mwaka 2003. E. anophelis, ambaye sasa ndiye anayeonekana kusababisha sehemu kubwa ya ugonjwa kwa binadamu, alielezwa mwaka 2011 kutoka kwenye utumbo wa mbu Anopheles gambiae wa Gambia.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki atashtuka, maana Anopheles gambiae ndiye mbu wetu wa malaria. Je, mbu anatuambukiza? Hadi sasa hakuna ushahidi kwamba E. anophelis huenezwa kwa kuumwa na mbu. Mbu huzaliwa na kukulia majini, na bakteria huyu ni wa majini. Kukutana kwao ni jambo la kutarajiwa. Ushahidi ulioko kwa watoto wachanga unaelekeza kwingine. Huko Hong Kong, vinasaba vya bakteria wa mama na vya mtoto wake vililinganishwa vikakutwa karibu sawa, ikaonekana maambukizi yalitoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo chandarua kitundikwe kwa ajili ya malaria, na chanzo cha Elizabethkingia kitafutwe kwenye maji.

Ufunguo ni zinki

Penisilini, sefalosporini na kabapenemu (meropenemu na imipenemu wamo humu) ni dawa za ukoo mmoja. Zote zina pete ndogo ya atomi nne, kaboni tatu na naitrojeni moja, iitwayo pete ya beta-laktamu. Pete hiyo imejikunja kwa shida, kama fimbo iliyopindwa, na ndiyo inayonasa kwenye vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa bakteria. Pete ikikatwa, dawa inakuwa haina kazi tena hata ukimwaga nyingi kiasi gani.

Elizabethkingia hubeba vikata-pete vitatu. Cha kwanza, kinachosimamiwa na jeni blaCME, ni cha aina inayotumia asidi amino ya serini kukata. Kinazimaliza sefalosporini nyingi, lakini kinaweza kuzuiwa na asidi klavulaniki. Viwili vilivyobaki, BlaB na GOB, ndivyo vinavyomfanya awe wa pekee. Hivi hushika ayoni za zinki, na zinki hushikilia molekuli ya maji na kuinoa hadi iwe na nguvu ya kuvunja pete yenyewe. Kwa sababu havitumii serini, vizuizi tulivyonavyo vya kawaida, yaani klavulaniki, tazobaktamu na avibaktamu, havina pa kushika. Meropenemu nayo, iliyoundwa ili ivumilie vikata-pete vya kawaida, hukatwa na vimeng'enya vya zinki bila taabu.

Bakteria wengi wabaya wenye kimeng'enya cha zinki huwa na kimoja tu, tena cha kuazima. Elizabethkingia ana viwili vya koo tofauti, na vyote vimeandikwa kwenye kromosomu yake. Katika majaribio yaliyofanywa kwa E. meningoseptica, BlaB ndicho kilichoonekana kubeba mzigo wa usugu dhidi ya kabapenemu.

Hili la kromosomu linastahili kukaa nalo kidogo. Tumezoea kusikia kwamba usugu huokotwa: bakteria mmoja anampa mwenzake kipande cha duara cha DNA, plasmidi, chenye jeni ya usugu. Ndivyo NDM-1, kimeng'enya cha zinki kilichotambuliwa kwa mgonjwa wa mwaka 2008, kilivyosambaa dunia nzima kwa muda mfupi. Elizabethkingia hakupitia njia hiyo. Jeni blaB na blaGOB ni mali ya ukoo mzima, zinapatikana kwa bakteria wa hospitali, wa mtoni na wa tumboni mwa mbu. Imipenemu iliingia sokoni mwaka 1985, miaka 26 baada ya King kumwelezea bakteria huyu, na bado jeni hizo zimo hata katika bakteria wa kumbukumbu wa spishi aliyoieleza. Silaha ilikuwepo kabla ya dawa yetu. Sababu inaeleweka ukikumbuka kwamba tienamaisini, mama wa kabapenemu zote, ilitolewa kwa Streptomyces cattleya, bakteria wa udongoni. Vita vya pete na vikata-pete vinapiganwa kwenye udongo na maji tangu zamani sana, sisi tumeingia juzi.

Matokeo yake kwa mgonjwa ni makubwa. Usugu wa kuokota unaweza kuzuiwa kwa kupunguza matumizi ya dawa. Ukipunguza shinikizo, bakteria wasio na jeni wanapata nafasi. Usugu wa kuzaliwa haupungui. Hakuna Elizabethkingia mpole wa kumsubiri. Matumizi ya kabapenemu hayamfundishi kitu kipya, yanamfagilia njia tu, kwa kuwaondoa bakteria waliokuwa wakimbana kwenye koo na utumbo wa mgonjwa. Stenotrophomonas maltophilia, nyemelezi mwingine wa majini, anafanya hivyohivyo kwa kimeng'enya chake cha zinki kiitwacho L1.

Jentamaisini na amikasini kwa kawaida nazo hazifui dafu. Kolistini, ambayo madaktari huikimbilia bakteria wengine wanapoishinda meropenemu, haimwui kabisa. Mtu akitoka meropenemu kwenda kolistini kwa mazoea, ametoka kwenye dawa isiyofaa kwenda kwenye dawa isiyofaa yenye sumu kwa figo.

Sehemu inayobadilika

Pamoja na urithi huo, Elizabethkingia anaweza pia kupata usugu mpya akiwa ndani ya mgonjwa. Levofloksasini hufanya kazi kwa kunasa kwenye kimeng'enya kinachosokota DNA, ambacho kipande chake kimoja huandikwa na jeni gyrA. Herufi moja ikibadilika, asidi amino ya nafasi ya 83, ambayo ni serini, inageuka kuwa isolusini au arginini, na dawa inakosa mshiko. Rifampisini ina tatizo la aina hiyo: badiliko moja kwenye jeni rpoB linatosha. Ndiyo maana rifampisini haitolewi peke yake, na katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu kuna sababu ya ziada ya kuilinda.

Mfano mzuri wa kasi ya mabadiliko hayo ni mlipuko wa jimbo la Wisconsin, Marekani, ulioanza mwishoni mwa 2015 na kuendelea 2016. Watu 63 walithibitishwa kuambukizwa E. anophelis katika jimbo hilo, na 18 kati yao walifariki. Wengi walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 65 na magonjwa mengine mazito. Wengine waligunduliwa majimbo jirani ya Illinois na Michigan. Watafiti waliposoma vinasaba vyote vya bakteria hao, walikuta kipande cha DNA kinachohama, ICEEa1, kimejichomeka katikati ya jeni mutY.

Kazi ya mutY ni ya fundi wa ukarabati. Herufi G ya DNA ikiunguzwa na oksijeni, hupoteza sura yake na kuvutia A badala ya C. Kimeng'enya cha MutY hupita, kikaiona A iliyokaa pasipo pake na kuing'oa kabla kosa halijawa la kudumu. Fundi asipokuwepo, G inaishia kuwa T, na makosa ya namna hiyo yanarundikana kizazi hadi kizazi. Mengi ya mabadiliko hayo humdhuru bakteria mwenyewe au hayana maana. Lakini bakteria wakiwa mamilioni, na dawa ikiwa inachuja, atapatikana mmoja ambaye kosa lake limeangukia gyrA. Kwa hiyo kipimo cha dawa kilichofanywa siku ya kwanza hakitoshi. Damu ikiendelea kuotesha bakteria baada ya siku tatu au nne za tiba, kipimo kirudiwe kwa bakteria wa siku hiyo.

Maabara inakosea wapi

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kipimo chochote: bakteria anatupwa kama uchafu. Anaota kwenye chupa ya damu, ni gramu hasi (kundi la bakteria wenye utando wa nje) mwembamba, hafanani na E. coli wala Klebsiella, na fundi anaandika “uchafuzi wa mazingira”. Kwa mtoto njiti mwenye homa, neno hilo linaweza kumgharimu maisha. Chupa mbili zikitoa kitu kilekile, au maji ya uti wa mgongo yakitoa chochote, lisitumike.

Maabara isiyo na mashine bado inaweza kumshuku. Anaota vizuri kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya damu na agari ya chokoleti kwa nyuzi 35 hadi 37, ndani ya saa 24 hadi 48, akitoa koloni laini zenye umanjano hafifu au zisizo na rangi. Kwenye agari ya MacConkey mara nyingi haoti, au anaota kwa kusitasita. Kwa vipimo vya kikemia, ni oksidesi chanya, katalesi chanya, hatembei, na indoli chanya. Mwenye oksidesi chanya, asiyechachua glukosi na mwenye indoli chanya ni adimu, basi ukimpata mwenye mchanganyiko huo usimwachie. Tahadhari ni kwamba indoli yake ni dhaifu: ukitumia kitendanishi cha Kovacs moja kwa moja unaweza kusoma hasi. Ongeza mililita 1 ya zailini kwenye mchuzi wa triptofani uliokaa saa 48, tikisa, subiri tabaka litengane, kisha dondosha kitendanishi cha Ehrlich taratibu ukingoni mwa mrija. Pete nyekundu inatokea kwenye mpaka wa tabaka mbili. Dokezo jingine ni disiki (kikaratasi chenye dawa) ya kolistini isiyo na duara lolote la bakteria waliozuiwa kuota, huku disiki ya vankomaisini, isiyotakiwa kumgusa gramu hasi, mara nyingi ikiacha duara.

Kwa wenye mashine, tatizo ni kumbukumbu iliyomo ndani yake. Mashine za MALDI-TOF (zinazomtambua bakteria kwa uzito wa protini zake) na za utambuzi wa kikemia zenye orodha ya zamani zilimwita E. anophelis kwa jina la E. meningoseptica, kwa kuwa spishi hiyo mpya haikuwemo. Kwa daktari aliye kando ya kitanda cha mgonjwa, jina la jenasi linatosha kubadili tiba leo. Spishi kamili inahitajika unapofuatilia mlipuko, na hapo usomaji wa jeni rpoB au wa vinasaba vyote ndio wa kutegemewa.

Mtego ambao unaniudhi kuliko yote ni wa vipimo vya haraka vya jeni. Vipimo vingi vya usugu wa kabapenemu hutafuta familia tano za jeni: KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48. BlaB na GOB hazimo. Jibu linatoka “hasi”, na asiyejua analisoma kama ruhusa ya kutoa meropenemu. Hasi hapo ina maana kwamba jeni hizo tano hazikuonekana, basi.

Kisha kuna kipimo cha dawa. Disiki za karatasi hazina viwango vilivyothibitishwa kwa bakteria huyu, na duara kubwa la kuvutia linaweza kudanganya, hasa la vankomaisini. Njia sahihi ni kuzimua dawa ndani ya mchuzi. Tengeneza ukungu wa bakteria wa 0.5 McFarland (kipimo cha uzito wa ukungu), ambao una takriban milioni 150 kwa mililita. Uzimue mara 150 kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa kalisi na magnesi, upate milioni 1 kwa mililita. Tia mikrolita 50 kwenye kila kishimo chenye mikrolita 50 za dawa iliyoandaliwa kwa nguvu maradufu. Sasa una bakteria laki 5 kwa mililita. Ukungu utumike ndani ya dakika 15, la sivyo wanazaliana na kipimo kinaonyesha usugu usiokuwepo. Weka nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20, na pandikiza tone moja kwenye agari ya damu kuhakikisha hakuna mgeni.

Kwa usomaji, viwango vya taasisi ya CLSI, inayoweka viwango vya vipimo vya maabara, vya gramu hasi wengine wasiochachua ndivyo vinavyoazimwa: minosaiklini hadi mikrogramu 4 kwa mililita na levofloksasini hadi 2 huhesabiwa kuwa zinafaa, septrini hadi 2 ya trimethoprimu na 38 ya sulfa. Septrini ina ugumu wake. Haiwazimi bakteria ghafla, wanazaliana mara chache kabla ya kusimama, kwa hiyo ukungu hafifu unafuatana kishimo hadi kishimo kama mkia. Soma kishimo cha kwanza ambacho ukuaji umepungua kwa asilimia 80 ukilinganisha na kile kisicho na dawa. Ukisubiri kishimo cheupe kabisa, utamnyima mgonjwa dawa ambayo pengine ingemfaa.

Basi daktari atumie nini

Minosaiklini ndiyo inayoonyesha matokeo thabiti zaidi maabara. Inafuatwa na levofloksasini, rifampisini kama mwenza, na septrini pale kipimo kinapoiunga mkono. Minosaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini, unaoepukwa kwa watoto walio chini ya miaka 8 kwa sababu ya meno. Kwa homa ya uti wa mgongo inayoua, hesabu hiyo inapaswa kufanywa upya na daktari bingwa badala ya kufungwa na kanuni. Piperasilini-tazobaktamu wakati mwingine husomeka inafaa, jambo linaloshangaza kwa bakteria mwenye vimeng'enya vya zinki, na binafsi nisingeiamini peke yake kwa mgonjwa mahututi.

Vankomaisini ni fumbo. Ni molekuli nene, yenye uzito wa takriban daltoni 1,450, na utando wa nje wa gramu hasi huizuia isipite. Kwa Elizabethkingia inapenya kiasi fulani, na kwa miongo mingi imetumika kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo, mara nyingi pamoja na rifampisini, wengine wakapona. Hata hivyo kiwango kinachomzuia mara nyingi ni mikrogramu 8 hadi 16 kwa mililita, ambacho ni vigumu kukifikia kwenye ubongo. Kumhukumu kwa viwango vya Staphylococcus ni kosa. Ikitumika, iwe pamoja na dawa nyingine yenye uhakika zaidi. Na mpira wa mshipani ulioshukiwa kuwa chanzo utolewe, dawa yoyote iwayo.

Kutafuta chanzo

Mwaka 2012, kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi nchini Singapore, chanzo kilikutwa pale pale watu wanapojisafishia: masinki ya kunawia mikono. Bakteria huyu huvumilia klorini ya maji ya bomba, na hujenga utando wa ute ndani ya mabomba na kwenye vichujio vidogo vya mdomo wa bomba. Mtu akimwaga kwenye sinki maji yaliyotoka kwa mgonjwa, au akisuuzia humo vifaa vya kupumulia, anamlisha. Anayefuata kunawa anaondoka naye mikononi.

Sinki la kunawia liwe la kunawia tu, na kichujio cha mdomo wa bomba king'olewe badala ya kusafishwa. Chupa ya kunyeveshea oksijeni ijazwe maji yaliyotakaswa kwa joto, na isiongezwe juu ya yaliyobaki: imwagwe, ioshwe, itakaswe, ikaushwe kabisa, ndipo ijazwe. Hii ya kuongeza juu ya yaliyobaki ndiyo tabia inayoonekana sana kwenye wodi zenye kazi nyingi, na ndiyo ya kuanza nayo.

Kesi mbili zikitokea wodi moja ndani ya wiki chache, chukua sampuli siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kumwaga klorini. Paka pamba kwenye mdomo wa bomba na kwenye shimo la sinki. Kinga maji ya mwanzo, yale yaliyolala bombani usiku, yapatayo mililita 100, kwenye chupa yenye sodiamu thiosulfeti ili klorini izimwe isiendelee kuua bakteria njiani. Pitisha kwenye chujio la mikromita 0.45, laza chujio kwenye agari ya damu, na subiri saa 48. Hifadhi pia bakteria wa kila mgonjwa kwenye friza ya nyuzi hasi 70 au 80, kwa sababu bila wao hakuna cha kulinganisha. Wisconsin walikuwa na bakteria wa wagonjwa, maabara bora, na vinasaba vyote vilivyosomwa. Walipima maji, vyakula na vifaa vya matibabu, na chanzo hakikupatikana.